Pumu Mantapala: kinachoipata misuli ya njia za hewa oksijeni inapopungua

Mgonjwa wa pumu anapofikishwa kituo cha afya akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta, jamaa waliomleta huomba kitu kimoja: oksijeni. Ombi hilo ni la haki, lakini lina pengo. Oksijeni huokoa maisha kwa kuulisha ubongo na moyo wakati njia ya hewa imebana. Yenyewe haiifungui njia hiyo. Dawa ya kuvuta, kwa upande wake, huilegeza misuli iliyobana, ila katika dakika za mwanzo inaweza hata kukishusha kidogo kiwango cha oksijeni katika damu. Kwa familia zinazoishi Mantapala, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kipi kiombwe kwanza, kipi kibebwe njiani na kipi kisikose nyumbani.

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala yako wilayani Nchelenge, katika mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia. Yalifunguliwa mapema mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakivuka mpaka tangu mwaka uliotangulia, wengi wao wakikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, na ambao kwanza walipokelewa katika kituo cha mpito cha Kenani. Mpango wake ulikusudiwa kuwa tofauti na wa kambi za kawaida: familia zipewe viwanja vya kujenga na kulima, na shule na zahanati zitumiwe kwa pamoja na wenyeji. Kiswahili cha Katanga husikika humo kando ya Kibemba. Katika wilaya hiyo hiyo liko ufuko wa ziwa Mweru, ambalo Wakongo walio ng'ambo huliita Moero.

Ni vyema kuondoa dhana moja mapema. Upungufu wa oksijeni unaozungumziwa hapa hautokani na mwinuko wa nchi. Uso wa ziwa Mweru uko zaidi kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ina takriban asilimia 21 ya oksijeni, sawa na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Shinikizo lake ndilo dogo, kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Mtu mwenye mapafu mazima hahisi punguzo hilo. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, iko juu zaidi, na Goma na Bukavu zimeinuka hadi karibu mita 1,500. Oksijeni inayomkosa mgonjwa wa Mantapala hupotelea ndani ya mwili wake mwenyewe: katika njia iliyobana, katika mapafu yenye nimonia, katika damu iliyopunguzwa na malaria, au katika damu iliyotekwa na moshi.

Misuli inayofanana, tabia zinazopingana

Misuli ya mkono humtii mwenyewe. Misuli laini haimtii. Hiyo ndiyo iliyouzunguka utumbo, mishipa ya damu, kizazi na njia za hewa, nayo hukaza na kulegea bila kuulizwa. Katika mapafu imezungushwa kwenye vijibomba vya hewa kama kamba iliyoviringishiwa mpira wa maji. Njia kubwa za hewa zimeshikizwa kwa gegedu, kwa hiyo hazifungi kwa urahisi. Vijibomba vidogo vya ndani havina gegedu, na huko ndiko pumu hufanyia kazi yake.

Hesabu ya kubana huko ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani. Upana wa kijibomba ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili bali mara 16. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuwa anacheza saa nne asubuhi na kufika saa sita mchana akivuta hewa kwa shingo na mbavu. Badiliko dogo la msuli ni badiliko kubwa la pumzi.

Oksijeni inapopungua, je, msuli huu hufanya nini? Jibu la haraka ni kwamba hubana. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye manufaa.

Mwaka 1946 wanasayansi wawili wa Uswidi, Ulf von Euler na Göran Liljestrand, walipima shinikizo la damu katika mapafu ya paka waliokuwa wakivuta hewa yenye oksijeni kidogo. Waliona kwamba mishipa ya damu ya mapafu ilikaza. Jambo hilo lilikuwa geni, kwani mishipa ya sehemu nyingine za mwili hutanuka inapokosa oksijeni ili damu zaidi ipite. Mapafu hufanya kinyume kwa sababu nzuri: sehemu ya pafu isiyopata hewa haina haja ya kupelekewa damu. Hufanya kama mkulima anayeziba mfereji unaoelekea kwenye shamba lisilo na miche na kuyaelekeza maji kwenye shamba lililopandwa. Damu huhamishiwa kwenye vifuko vya hewa vinavyofanya kazi, na oksijeni kidogo iliyopo haipotei bure.

Msuli wa njia ya hewa uko milimita chache tu kutoka kwenye mishipa hiyo, na kwa darubini unafanana nao, lakini tabia yake ni nyingine. Vipande vyake vinapotolewa kwa mnyama, vikatundikwa maabara na kunyimwa oksijeni, katika majaribio mengi hulegea. Sababu yake si ya ajabu: kukaza kunahitaji kalsiamu iingie ndani ya seli na kunahitaji nishati, na vyote viwili hupungua oksijeni inapokosekana. Kama mambo yangeishia hapo, ukosefu wa oksijeni ungekuwa dawa ya pumu.

Hayaishii hapo, kwa kuwa msuli ulio mwilini hauko peke yake. Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kuelekea kichwani, kuna kijungu kidogo cha seli kinachoonja oksijeni ya damu na kuutaarifu ubongo. Mwaka 1962 watafiti Jay Nadel na John Widdicombe walionyesha kwa mbwa kwamba oksijeni ya damu ikishuka, taarifa hiyo hupita kwenye ubongo na kurudi kifuani kwa njia ya neva iitwayo vagasi, na njia za hewa hubana. Msuli ambao ungelegea kama ungeachwa, huamriwa kukaza.

Pumu huongeza amri nyingine juu ya hiyo. Katika njia za hewa za mgonjwa kuna uvimbe wa muda mrefu; seli za kinga zimejikusanya, ute umeongezeka, na msuli wenyewe umekuwa mwepesi wa kushtuka. Vumbi, baridi, mafua au moshi ambao jirani hata hauhisi, kwake ni amri ya kubana. Mgonjwa aliyeingiwa na hofu hupumua mbio na kuitoa hewa ya ukaa kupita kiasi, na kupungua kwa hewa ya ukaa nako hukaza njia za hewa. Ushauri wa bibi kwamba mgonjwa atulizwe, akalishwe wima na asizungukwe na watu wanaolia una msingi wa kisayansi kuliko wanavyodhani wanaoudharau.

Kwa ufupi, msuli wa njia ya hewa huitii neva na uvimbe kabla ya kuutii upungufu wa oksijeni. Kuupa mwili oksijeni bila kuigusa neva wala uvimbe ni kumlisha aliyefungiwa chumbani kupitia dirishani: hatakufa njaa, lakini mlango bado umefungwa.

Upungufu unaodumu kwa wiki na miezi una hadithi tofauti. Seli zina protini inayohisi uhaba wa oksijeni na kuwasha vinasaba vya kukabiliana nao; ugunduzi wa jinsi hilo linavyotendeka uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Katika mishipa ya mapafu hali hiyo huifanya misuli kuwa minene na kuulemea upande wa kulia wa moyo. Zipo dalili za maabara kwamba misuli ya njia za hewa nayo huweza kuongezeka, lakini jambo hilo bado linachunguzwa.

Pumzi fupi isiyohisiwa

Watu wengi huamini kwamba kadiri oksijeni inavyoshuka, ndivyo mgonjwa anavyozidi kuhisi dhiki. Sivyo ilivyo siku zote. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi wa watu walionusurika kufa kwa pumu na kukuta kwamba wengi wao walikuwa na hisia butu: oksijeni ilipopunguzwa, mwili wao haukuitikia kwa nguvu, na njia ya hewa ilipobanwa hawakuhisi dhiki kama wengine. Miaka 10 baadaye, watafiti wa Adelaide nchini Australia walionyesha kwamba upungufu wa oksijeni wenyewe hufifisha hisia ya kubanwa kwa mtu mwenye pumu. Ugonjwa, kwa maneno mengine, hupunguza sauti ya kengele yake.

Jambo hilo ni zito mahali ambapo safari ya kwenda kituo cha afya ni ya miguu au ya baiskeli. Mgonjwa anayesema "nimepata nafuu kidogo, tusubiri kukuche" huenda anasema kweli kuhusu anavyojihisi, na asiseme kweli kuhusu kifua chake. Mluzi wa pumu unaotoweka ghafla huku mgonjwa bado anahangaika si nafuu. Maana yake ni kwamba hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haiwezi kupiga mluzi. Madaktari huogopa kifua kilichonyamaza kuliko kifua kinacholia. Usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, midomo au ulimi kugeuka rangi ya kijivu, mtoto kushindwa kunyonya au kunena: hizo ni dalili za kuondoka usiku huo huo.

Dawa ya kulegeza, na kinachotokea baada yake

Salbutamoli, dawa iliyo katika inhela nyingi za rangi ya buluu, hushika kwenye seli za msuli mahali pale pale inapofanyia kazi adrenalini ya mwili, na kuuamuru ulegee. Hutenda kwa dakika chache. Vidonge vyake bado hutolewa sehemu nyingi za Afrika kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini hufanya kazi polepole na huitetemesha mikono, kwa sababu huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani.

Dawa hiyo haichagui kati ya msuli wa njia ya hewa na msuli wa mishipa ya damu. Ile mifereji ambayo mapafu yaliiziba kwa busara hufunguliwa nayo, na damu huenda tena kwenye sehemu zisizo na hewa, kisha hurudi moyoni bila oksijeni. Kwa muda mfupi kipimo cha oksijeni kinaweza kushuka kidogo ilhali njia za hewa zinafunguka. Ndiyo sababu kwa mgonjwa mahututi hospitali hutoa vyote viwili kwa pamoja, na mashine ya kufukizia dawa huendeshwa kwa oksijeni panapowezekana. Mzazi akiona namba inashuka baada ya dawa asidhani kwamba dawa imemdhuru mtoto, wala muuguzi asiisitishe kwa sababu hiyo.

Salbutamoli haiugusi uvimbe. Wakati wa shambulio kali hutolewa pia dawa ya steroidi, mara nyingi vidonge vya predinisoloni, ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi na kwa hiyo haipaswi kucheleweshwa. Kwa siku za kawaida iko steroidi ya kuvuta. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ujulikanao kama GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Salbutamoli na budesonidi, ambayo ni steroidi ya kuvuta, zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuwa katika orodha ni jambo moja na kuwa kwenye rafu ya zahanati ya kijijini ni jingine, na shirika hilo hilo linasema kwamba vifo vingi vya pumu hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati cha chini.

Oksijeni nayo ina masharti yake. Mitungi huhitaji gari na barabara. Mashine ya kuchuja oksijeni haihitaji mitungi: huvuta hewa ya kawaida, huipitisha kwenye madini yanayonasa naitrojeni, na kutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Inahitaji umeme usiokatika, na mwaka 2024 ukame ulipoyapunguza maji ya bwawa la Kariba, Zambia nzima ilijifunza maana ya saa nyingi bila umeme. Paneli za jua zenye betri si anasa katika zahanati ya aina hiyo.

Namba ya kidoleni

Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kimekuwa cha kawaida tangu janga la korona. Hutumulika mwanga kupitia ngozi na kukadiria ni sehemu gani ya hemoglobini imebeba oksijeni. Kwa mtoto, namba iliyo chini ya asilimia 90 ni sababu ya kutoa oksijeni. Namba iliyo juu ya hapo, hata hivyo, haitoshi kumrudisha mtu nyumbani, na kwa wakazi wa Mantapala kuna sababu tatu za kusema hivyo.

Ya kwanza ni ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kifaa hicho na kipimo cha damu chenyewe. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, karibu 12 kati ya kila Waamerika weusi 100 walikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88. Kwa wazungu walikuwa karibu 4. Mwanga wa kifaa husomeka vibaya zaidi katika ngozi nyeusi, na kosa lake huelekea kwenye kumpa mgonjwa namba nzuri kuliko anayostahili.

Ya pili ni malaria. Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini Zambia, na maambukizi huendelea mwaka mzima. Vimelea huvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto ambaye hemoglobini yake imeshuka kutoka gramu 12 hadi 6 anabeba nusu tu ya oksijeni anayopaswa kubeba, lakini kifaa kinaweza kuonyesha asilimia 98, kwa kuwa kinahesabu mizigo iliyojaa na si idadi ya wapagazi. Aidha, malaria kali humfanya mtoto apumue kwa kina na kwa kasi bila njia za hewa kubana hata kidogo. Hapo inhela haitasaidia, na kuchelewa kupima malaria kunaweza kugharimu uhai. Kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa unaojulikana vyema na familia nyingi za Kongo, kushuka kwa oksijeni huzipinda chembe nyekundu na kuamsha maumivu makali, hivyo pumu yao haifai kuachwa bila dawa ya kila siku.

Ya tatu ni moshi. Mkaa, au makala kama Wakongo wanavyouita, huwashwa kwenye mbaula, na siku za mvua mbaula huingizwa ndani. Mkaa hauna moshi mwingi machoni, na hapo ndipo unapodanganya: hutoa kabonimonoksidi, gesi isiyo na harufu inayoshikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kifaa cha kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, hivyo kinaweza kusoma namba nzuri kwa mtu anayekosa hewa. Moshi wa kuni, ukiwemo ule wa kukaushia samaki, una madhara mengine: chembe zake huchokoza njia za hewa moja kwa moja. Kujifukiza kwa majani kunakofanywa kwa nia njema kuko katika fungu hilo hilo. Mvuke haulegezi msuli uliobana, na mvuke wenye moshi au harufu kali unaweza kuukaza zaidi, mbali na kumuunguza mtoto.

Chupa ya nusu lita

Kikwazo cha mwisho ni kidogo na kina tiba ya bei ndogo. Mtoto mdogo hawezi kupatanisha kubonyeza inhela na kuvuta pumzi, na dawa nyingi huishia kinywani. Kifaa cha kati kinachoipokea dawa kabla ya kuvutwa huuzwa ghali na hakipatikani kirahisi. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kulinganisha kifaa cha kiwandani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliopatwa na shambulio la pumu. Chupa iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri pembeni mwa inhela ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununuliwa.

Tundu hukatwa kwa umbo la mdomo wa inhela, si kubwa kuliko hapo, na inhela hugandishwa kwa gundi ili hewa isipenye pembeni. Mtoto huweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Dawa hubonyezwa mara moja, naye huvuta na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita kabla ya kubonyezwa tena. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa. Chupa mpya hubonyezewa dawa mara chache kwanza, kabla ya kutumiwa. Baadaye huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, bila kusuguliwa kwa kitambaa, kwa sababu kusugua huipa plastiki umeme tuli unaozivuta chembe za dawa zikabaki kwenye kuta za chupa badala ya kufika kifuani.